Paja Moja au Yote Mawili

Jumatatu ile nilishuka ngazi kinyumenyume. Tunakaa ghorofa ya tatu, Sinza, na ngazi zetu hazina chuma cha kushikia, kwa hiyo niliegemea ukuta, mkoba begani, nikawa natanguliza mguu wa kulia nyuma, napapasa kwa ncha ya kiatu mpaka niguse saruji, ndipo navuta wa kushoto. Kijana wa ghorofa ya pili alikuwa anatoka na ndoo ya taka. Akasimama. "Shikamoo mama. Umeanguka?" Nikamwitikia, nikamwambia sijaanguka, nimekimbia tu.

Na kweli nilikuwa nimekimbia tu. Juzi yake, Jumamosi alfajiri, nilikimbia mita 100 mara kumi, kila mara kwa nguvu zangu zote.

Miaka sita sasa mimi ni mtu wa mchakamchaka. Kikundi chetu kinatoka Sinza Jumamosi na Jumapili kabla jua halijachomoza, tunaimba, tunapanda Mlimani mpaka ndani ya Chuo Kikuu, tunazunguka na kurudi. Ni kilomita nane hivi, mwendo ambao mtu anaweza kukimbia huku anasimulia habari za harusi ya jana. Pumzi ninayo, na niliamini pumzi ndiyo mbio. Nadhani wengi wetu tumelelewa hivyo. Hii ni nchi ya Filbert Bayi, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1,500 kule Christchurch mwaka 1974 kwa dakika 3 na sekunde 32.2, na tangu utotoni ukisema riadha tunawaza masafa.

Kilichonigeuza ni masafa yenyewe. Septemba 2025, asubuhi ya Jumatatu, nimebanana ndani ya mwendokasi kutoka Shekilango, abiria aliyekuwa jirani yangu akanipa simu yake nitazame mwisho wa marathoni ya mashindano ya dunia ya Tokyo. Alphonce Simbu wetu na Mjerumani Amanal Petros, bega kwa bega, wanakata hatua za mwisho. Saa iliwapa wote muda uleule, 2:09:48, ikabidi picha iamue. Simbu alikuwa mbele kwa sekunde 0.03, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza ya mashindano hayo. Watu walipiga makofi ndani ya basi. Mimi nilirudia kuitazama ile sehemu mara tatu kabla sijarudisha simu ya watu. Kilomita 42 na ushee, na mwisho wake umeamuliwa na kutoka nduki. Mimi mwenye miaka 41 sikukumbuka mara ya mwisho nilipotoka nduki ilikuwa lini. Labda darasa la tano.

Niliahirisha mpaka Januari, mwezi ambao Dar haina huruma hata saa 11 alfajiri; unatoka mlangoni fulana imeshalowa. Kiongozi wetu wa mazoezi, mwalimu mstaafu wa michezo ambaye wote tunamwita Mwalimu, alikuwa msibani Morogoro. Vijana wawili wa kikundi walikuwa na desturi ya kukimbia mbio fupi kwenye kiwanja cha vumbi cha mtaani, nikawaomba niungane nao. Tulipasha viungo kidogo sana, dakika tano labda. Halafu kumi. Nakumbuka raha ya ile ya kwanza, upepo masikioni, vumbi linabaki nyuma. Ya nane miguu ilikuwa mizito, lakini haikuuma. Nikarudi nyumbani, nikapika, nikaenda sokoni Shekilango, usiku nikalala vizuri kabisa.

Hilo ndilo lililonidanganya, kwamba Jumamosi yote sikusikia kitu. Jumapili niliamka kama niliyelala ndani ya gunia. Jumatatu ndiyo ilikuwa kilele, yaani saa 48 baada ya kukimbia. Mbele ya mapaja, juu kidogo ya magoti, palikuwa pagumu na hapataki kuguswa hata na kanga. Nyuma, kuanzia chini ya makalio, ukivuta hatua ndefu unasikia kamba mbili zimekazwa. Ukiwa umekaa tu, hakuna maumivu. Ukijaribu kukaa au kuinuka, hapo ndipo unayakuta.

Mtu anayeishi kwenye nyumba yenye choo cha kuchuchumaa atanielewa bila maelezo mengi. Nilishika bomba la maji kwa mikono miwili, nikajishusha kidogo kidogo, na katikati ya safari mapaja yakakataa, nikabaki nimening'inia pale natetemeka, sina nguvu ya kushuka wala kupanda. Swala ya alfajiri nilisimama vizuri, nikarukuu, lakini kusujudu na kukaa tahiyatu kulinishinda. Nilimalizia kwenye kiti. Nilikuwa sijawahi kuswali kwenye kiti maishani, na nililia kidogo, si kwa maumivu, kwa hofu kwamba nimejiharibu.

Mama mkwe wangu, ambaye ni mzaliwa wa Pemba na alikuwa amekuja kutusalimia, aliniangalia asubuhi hiyo nikivuta miguu kwenda jikoni. "Hiyo malaria hiyo, mwanangu. Viungo vyote hivyo!" Nilimwambia ni mazoezi, hakukubali, na sasa naona alikuwa na haki. Mwili kuuma ni mlango wa mambo mengi katika mji huu. Nikapita zahanati nikatoa tone la damu kidoleni. Haikuwa malaria, na homa sikuwa nayo. Namsihi yeyote mwenye mwili unaouma pamoja na homa asijiambie kwamba ni mazoezi tu. Kipimo ni cha dakika chache.

Siku mbili zilizofuata nilifanya makosa matatu, kila moja kwa ushauri wa mtu anayenipenda.

Vijana wangu wa kiwanjani waliniambia ni asidi, kwamba asidi ya laktiki imebaki kwenye misuli na dawa yake ni kukimbia tena kwa nguvu iishe. Nilijaribu jioni ya Jumatatu. Niliishia hatua kumi. Baadaye nilielewa kwamba asidi hiyo haina hatia: kinachotengenezwa wakati wa mbio huondolewa na mwili ndani ya saa moja au mbili baada ya kupumzika. Maumivu yanayokuja kesho yake na kufikia kilele keshokutwa yana chanzo kingine.

Halafu nikapelekwa kwa mchua misuli, mtu anayesifika kwa wacheza mpira wa mtaani. Mikono yake ilikuwa kama koleo. Alisema mafundo lazima yavunjwe, akayavunja kweli, nami niking'ata leso. Jumanne nilikuwa mbaya kuliko Jumatatu. Sisemi kuchuliwa ni kubaya. Usiku huohuo mama mkwe alinipaka mafuta ya karafuu, akanipapasa taratibu kuelekea juu, kiganja chepesi, dakika kumi kila paja, na huo ndio usiku nilioweza kugeuka kitandani bila kuamka. Nyama iliyochubuka ndani haitaki kupondwa.

Kosa la tatu ni dawa ya maumivu, diklofenaki, niliyomeza tumbo tupu, tena siku ambayo nilikuwa nimekunywa maji kidogo kwa sababu ya kukwepa safari za choo. Tumbo likanichoma mchana kutwa. Dada wa duka la dawa Kariakoo, karibu na ninakofanyia kazi za uhasibu, alinikemea kwa upole. Alisema dawa za aina ile zinataka chakula tumboni, na kwa mtu aliyekaukiwa maji zinazielemea figo. Kisha akaniuliza kitu ambacho hakuna aliyekuwa ameniuliza: mkojo wako una rangi gani? Nikamwambia wa kawaida, wa manjano. Akasema ukigeuka ukawa kama chai ya rangi, au mapaja yakivimba na nguvu zikaisha kabisa, usije dukani kwangu, nenda hospitali siku hiyohiyo, kwa sababu hapo msuli umevunjika kiasi cha kumwaga vitu vyake kwenye damu na figo zinaweza kushindwa kuvichuja. Hutokea mara chache, lakini hutokea hasa kwa mtu kama mimi, aliyetoka kwenye kutokufanya kabisa akaruka kwenye kufanya kupita kiasi, tena kwenye joto.

Mwalimu alirudi Jumatano. Nilimkuta kibarazani kwake, nikamwamkia, nikasimama maana kukaa kwenye kigoda kile kifupi nisingeweza. Hakuniuliza nimekimbia ngapi. Aliuliza, "Paja moja au yote mawili?"

"Yote mawili, Mwalimu."

"Sawasawa pande zote?"

"Sawasawa."

"Yalianza ukiwa unakimbia, au kesho yake?"

"Kesho yake."

Akatikisa kichwa, akasema basi hujaumia, umechoka misuli. Kisha akachukua ndoo yake ya kisima, ina maji nusu, akaniambia niinyanyue. Nikainyanyua. Akasema sasa iteremshe, lakini taratibu, mpaka nihesabu kumi. Mkono ukaanza kutetemeka kwenye sita. Kunyanyua, akasema, msuli unajikunja. Kuteremsha, msuli uleule unafanya kazi huku unarefushwa, unashika huku unavutwa, na hapo ndipo nyuzi zake ndogo ndogo zinapochanika. Ndiyo maana ngazi za kushuka zinakuumiza kuliko za kupanda.

Akanieleza mbio zenyewe. Ukikimbia kwa kasi, mguu unarushwa mbele kama jiwe la teo, na muda mfupi kabla unyayo haujagusa chini, misuli mitatu ya nyuma ya paja inaushika usipitilize, yenyewe ikiwa imevutwa karibu na mwisho wake. Ukitua, misuli minne ya mbele inazuia goti lisikunjike. Ukipunguza mwendo mwisho wa mita 100, ndiyo breki kubwa kuliko zote, na mimi nilikuwa nasimama ghafla kila mara kwa sababu kiwanja kinaishia kwenye mtaro. Miaka sita ya mchakamchaka ilinipa moyo na mapafu. Mapaja yangu hayakuwahi kufundishwa kufunga breki ya namna ile.

Kilichonisaidia, nikitazama nyuma, kilikuwa kidogo na cha kawaida. Kutembea. Kila saa moja nilitoka kwenye meza yangu ya kazi nikazunguka jengo mara mbili, dakika tano za kwanza ni mateso, kisha mapaja yanapata joto na kulegea, na ukikaa yanarudi kukaza lakini si kama mwanzo. Maji ya uvuguvugu yalinipa nafuu ya nusu saa. Kujinyoosha kwa nguvu hakukunisaidia chochote. Kulikuwa kama kuvuta kidonda. Nilikula mayai, maharage, dagaa, nikalala mapema. Zaidi ya hapo ni siku zenyewe kupita. Ijumaa nilisujudu.

Na kuna jambo ambalo Mwalimu aliniambia nikashindwa kuliamini mpaka nilipoliona. Alisema mwili ukionja mara moja, unajifunza. Mara ya pili kazi ileile haitakuuma hivyo. Wiki iliyofuata alinipeleka Mlimani, kwenye mteremko mrefu wa lami ndani ya Chuo Kikuu, tukakimbia kupanda. Mita 60 tu, mara nne, kwa nguvu saba kati ya kumi, na kurudi chini kwa kutembea polepole mpaka pumzi itulie. Kwenye mwinuko hatua inakuwa fupi na ardhi inakuwahi mguu, kwa hiyo nyuma ya paja haivutwi mpaka mwisho. Kesho yake nilisubiri yale maumivu kama mtu anayesubiri mgeni mbaya. Yalikuja, yakabisha hodi, yakaondoka kabla ya jua la pili kuzama. Tukawa tunafanya mara mbili kwa wiki, Jumanne na Jumamosi, tunaongeza mbio moja tu kila wiki. Kabla ya kila zoezi tulikuwa na dakika ishirini za kupasha viungo: mbio za pole, kunyanyua magoti, kupiga visigino makalioni, kisha mbio tatu zinazopanda kasi kidogo kidogo. Mwanzoni niliona ni kupoteza muda. Sasa sihisi hivyo hata kidogo.

Februari ikaingia Ramadhani, nikasimamisha mbio zote. Baada ya Idd, mwishoni mwa Machi, mvua za masika zimeanza, nilirudi kiwanjani peke yangu. Nilikuwa nimeacha kwenye mbio nane, nikaanza na nane. Asubuhi ilikuwa ya baridi na manyunyu, nikapasha viungo kwa haraka ili niwahi mwendokasi.

Ilikuwa ya tano. Nilikuwa kwenye kasi kamili, na nyuma ya paja la kulia, kiganja kimoja juu ya goti, kitu kilikatika kama lastiki ya sketi. Niligeuka nikidhani nimepigwa jiwe. Hakukuwa na mtu. Hatua mbili zaidi nikawa nachechemea, nikasimama, nikashika mti wa goli.

Hapo nilielewa lile swali la kibarazani. Mara ya kwanza mapaja yangu yaliniuma kiasi cha kunitoa machozi na hayakuwa yameumia. Mara hii maumivu yalikuwa madogo, ningeweza kuyavumilia kabisa, na nilikuwa nimechanika. Ukali wa maumivu haukuniambia lolote. Kilichoniambia ni kwamba yalikuja nikiwa mbioni, papo hapo, mguu mmoja, mahali ambapo ningeweza kupaonyesha kwa kidole kimoja. Baada ya siku mbili damu ikavilia chini ya ngozi, alama ya zambarau iliyoteremka mpaka nyuma ya goti. Wachambuzi wa mpira redioni husema fulani ana maumivu ya nyama za paja, atakosekana wiki kadhaa, na mimi siku zote nilidhani wachezaji wanajidekeza. Nawaomba radhi.

Safari hii sikuchuliwa na mtu. Nilikwenda kwa mtaalamu wa viungo, ambaye alinilaza kifudifudi, akaniambia nikunje goti akiwa ameshika kisigino, akapima nguvu ya kila upande, akasema msuli umechanika kidogo, haujakatika. Siku za mwanzo niliutuliza mguu, kisha kutembea, kisha mazoezi mepesi, na hakuna kukimbia kwa kasi mpaka niweze kufanya yote hayo bila kuhisi kitu. Ilichukua wiki tano. Wiki ya tatu ndiyo ngumu, kwa sababu kwenye kutembea umeshapona na moyo unakuambia jaribu. Nilimwona mwenzetu mmoja wa kikundi akijaribu wiki ya tatu. Alirudi mwanzo, akakaa nje miezi.

Zoezi nililopewa la kuimarisha nyuma ya paja nalifanya nyumbani, juu ya mkeka sebuleni. Unapiga magoti, mtu anakushika vifundo vya miguu kwa nguvu, unanyoosha mwili kuanzia magotini mpaka kichwani, kisha unajiachia kuanguka mbele polepole kadiri unavyoweza, mapaja yakikuzuia, mpaka yashindwe na mikono ikupokee. Ni ileile ndoo ya Mwalimu, inateremshwa. Limechunguzwa sana kwa wacheza mpira na linapunguza kuchanika kwa nyama za nyuma ya paja. Lenyewe linauma vibaya siku mbili za mwanzo, kwa hiyo nilianza na matatu tu, mara mbili kwa wiki, na leo nimefika manane. Anayenishika miguu ni mwanangu wa mwisho, ana miaka tisa. Anakaa kabisa juu ya visigino vyangu, kwa sababu mikono yake peke yake haitoshi, na anahesabu kwa sauti.

Jumamosi iliyopita nilikimbia mbio sita kiwanjani, tambarare, mara ya kwanza tangu nichanike. Mwalimu alikuwa amesimama kwenye mtaro na kofia yake, akinipungia nisifunge breki ghafla, nipunguze mwendo kwa mita 30 nikizunguka goli. Jana asubuhi niliamka taratibu. Mwanangu alikuwa mlangoni amevaa sare, anasubiri hela ya shule, ananiangalia ninavyoshusha miguu kitandani.

"Mama, unaumwa tena? Lipi?"

Nikasimama. Nikakunja goti la kulia, nikakunja la kushoto, nikabonyeza nyuma kwa vidole, nikapapasa lile eneo la kiganja kimoja juu ya goti. Palikuwa pagumu kidogo. Na upande wa pili, mahali palepale, pagumu vilevile.

"Yote mawili," nikamwambia, nikaenda kumtafutia hela yake.